Nusukaputi na ubongo wa mtoto: ushahidi umetoka wapi, na uko mbali kiasi gani

Kila baada ya miezi kadhaa ujumbe uleule hurudi katika makundi ya WhatsApp ya wazazi jijini Nairobi: wanasayansi wamegundua kwamba nusukaputi, yaani dawa ya usingizi wa upasuaji, huua seli za ubongo wa mtoto. Unamfikia mama ambaye mwanawe amepangiwa kushonwa mdomo sungura wiki ijayo, au baba ambaye ametia saini fomu ya idhini ya upasuaji wa ngiri. Wapo wanaoahirisha. Na ngiri ya mtoto mchanga haina subira: utumbo ukinaswa na kukosa damu, upasuaji uliopangwa kwa utulivu hugeuka dharura ya usiku wa manane, na dharura ni hatari kuliko kitu chochote kilichoandikwa kwenye ujumbe ule.

Ujumbe huo haukutungwa hewani. Chanzo chake ni utafiti wa kweli, uliofanywa na watu makini. Kilichopotea ni maelezo ya safari yake kutoka maabara hadi kwenye simu. Nitaifuata safari hiyo, na njiani nitapitia kwa ng'ombe wa hapa kwetu na kwa sumaku, maana kote huko swali la kuuliza ni moja: kilichopimwa ni nini hasa, na kiko mbali kiasi gani na yule ninayemhofia?

Panya wa siku 7

Mwaka 2003 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Vesna Jevtovic-Todorovic walichukua vitoto vya panya vya siku 7 wakavilaza kwa muda wa saa 6 kwa mchanganyiko wa dawa tatu zinazotumika hospitalini: midazolamu, isoflureni na gesi ya naitrasi oksaidi. Ubongo ulipochunguzwa, seli zilizokufa zilikuwa nyingi mno kuliko kwa vitoto ambavyo havikulazwa. Wengine waliachwa wakue, na walipopewa majaribio ya kukumbuka njia, walishindwa na wenzao.

Sababu inaeleweka, na ndiyo iliyowafanya madaktari wasiupuuze utafiti huu. Ubongo unaokua hutengeneza seli nyingi kuliko utakazohitaji. Seli isiyopata ishara kutoka kwa jirani zake hujiua yenyewe. Ndivyo mwili unavyoondoa ziada. Dawa za nusukaputi hufanya kazi kwa kunyamazisha ishara hizohizo. Nyingine huziba vipokezi vinavyoitwa NMDA, nyingine huipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza ubongo. Ishara zikinyamazishwa kwa muda mrefu katika kipindi ambacho seli zinazisubiri, baadhi ya seli huanza kujiua kana kwamba hazikuhitajika.

Sasa tupime umbali. Ubongo wa panya hukua kwa kasi katika wiki 2 au 3 za mwanzo wa maisha yake. Wa binadamu hukua kwa kasi hiyo kuanzia miezi ya mwisho ya ujauzito hadi umri wa miaka 2 au 3. Kwa uwiano wa moja kwa moja, saa 6 za panya zinachukua sehemu ya kipindi hicho ambayo kwa mtoto ingekuwa wiki 2 hivi za usingizi mfululizo. Siutegemei uwiano huo kupita kiasi, kwa sababu hakuna sheria inayosema kwamba kifo cha seli hufuata kalenda ya ukuaji. Lakini unatosha kuonyesha kwamba saa 6 za kiumbe mmoja si saa 6 za mwingine. Tena kitoto cha panya cha siku 7 kina uzito wa gramu 15 hivi. Kukifuatilia kupumua, sukari na shinikizo la damu dakika kwa dakika, kama mtoto anavyofuatiliwa mezani, ni kazi ngumu mno.

Kuna tofauti nyingine ambayo wanaosambaza ujumbe hawaitaji. Panya wale walilazwa tu, hawakupasuliwa. Mtoto hulazwa kwa sababu atakatwa, na maumivu nayo yana madhara yake. Hadi miaka ya 1980 watoto wachanga wengi walipasuliwa wakiwa wamepewa dawa kidogo sana ya maumivu, kwa imani kwamba hawahisi sana na kwamba miili yao haiwezi kuvumilia dawa. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake huko Oxford walionyesha kwamba njiti waliopewa fentanili, dawa kali ya maumivu, wakati wa upasuaji wa moyo walikuwa na mshtuko mdogo wa mwili na matatizo machache baadaye kuliko wale ambao hawakupewa. Naisisitiza historia hii kwa makusudi, kwa sababu hofu ya nusukaputi isipopimwa inaweza kuturudisha kule.

Baada ya panya walifuata nyani wa jamii ya rhesus, ambao wako karibu nasi zaidi. Wale wachanga waliopewa ketamini, dawa nyingine ya nusukaputi, kwa muda wa saa 24 walipoteza seli nyingi za ubongo, na katika utafiti uliotolewa mwaka 2011 wenzao waliolazwa kwa muda huohuo waliendelea kufanya vibaya katika majaribio ya kujifunza muda mrefu baadaye. Waliopewa ketamini kwa muda wa saa 3 hawakuonyesha ongezeko hilo la seli zilizokufa. Muda, basi, una uzito mkubwa. Kurudia nako kuna uzito: nyani waliolazwa mara 3 kwa gesi ya nusukaputi iitwayo sevoflureni, saa 4 kila mara, katika wiki za kwanza za maisha, walikuwa na wasiwasi mwingi zaidi walipopimwa baadaye. Hilo halifutiki kwa maneno matamu, na wanaolifuta wanakosea sawa na wanaolikuza.

Ng'ombe ambaye ni mgonjwa na shahidi

Kuna tawi la utafiti ambalo umbali huu ni mfupi, na sisi wa Nairobi tuna bahati ya kuwa nalo mlangoni. Ni utafiti wa kinga ya mifugo. Kabete iko taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, na mbele kidogo, Muguga, kuna kituo ambacho sasa kiko chini ya KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo. Hapo ng'ombe anayepimwa ndiye anayeugua na ndiye atakayechanjwa. Hakuna panya wa kumwakilisha.

Ugonjwa uliowashughulisha watafiti wa huko kwa miongo mingi ni ndigana kali. Kimelea chake, Theileria parva, huletwa na kupe wa rangi ya kahawia ambaye hupenda masikio ya ng'ombe. Kikishaingia mwilini hufanya jambo la ajabu: hujificha ndani ya chembe nyeupe za damu, zilezile zilizoumbwa kupigana na maradhi, na kuzilazimisha zigawanyike bila kikomo kama saratani. Kila chembe inapogawanyika, kimelea nacho hugawanyika na kurithiwa na chembe zote mbili mpya. Tezi za chini ya masikio huvimba, homa hupanda, mapafu hujaa maji, na ng'ombe wa kigeni asiyetibiwa mapema mara nyingi hufa ndani ya wiki chache. Dawa ya buparvakwoni ikiua kimelea, chembe huacha wazimu ule. Kwa anayetafiti saratani, hilo peke yake linatosha kumkosesha usingizi.

Kinga dhidi yake ilitengenezwa Muguga katika miaka ya 1970 kwa mbinu ya kishujaa: mpe ng'ombe vimelea hai vya aina 3, na papo hapo umchome oksitetrasaiklini inayofanya kazi kwa siku kadhaa. Anaugua kidogo, anapona, na kinga hudumu kwa miaka. Vimelea hivyo hutolewa kwa kusaga kupe walioambukizwa, kisha huhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya majimaji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtu anaweza kuona ni chanjo ya kale, ngumu kusafirisha hadi kwa mfugaji wa Narok. Ni kweli. Lakini inafanya kazi kuliko majaribio mengi ya kisasa. Chanjo iliyojengwa juu ya protini moja ya kimelea, iitwayo p67, ilipunguza ugonjwa mkali kwa kiasi cha nusu hivi katika majaribio, na nusu haimtoshi mtu mwenye ng'ombe 2. Watafiti wamejifunza kwamba kingamwili, zinazokinasa kimelea kabla hakijaingia kwenye chembe, ni sehemu moja tu ya ulinzi. Sehemu kubwa hufanywa na seli T za kuua, ambazo huitambua chembe iliyokwisha kutekwa na kuiangamiza. Chanjo ijayo italazimika kuziamsha zote mbili.

Hata hapa, ambapo aliyepimwa na mgonjwa ni mnyama mmoja, umbali haukuisha. Nyati hubeba vimelea hivi bila kuumwa, na aina walizo nazo ni nyingi na tofauti kuliko zinazozunguka kati ya ng'ombe na ng'ombe. Ng'ombe waliochanjwa kwa mbinu ya Muguga walipopelekwa kulishwa katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, pamoja na nyati, wengi wao waliugua. Chanjo ilikuwa ileile na ng'ombe ni wale wale wa kwetu. Kilichobadilika ni malisho. Kwa hiyo mtu anaposema chanjo ya ndigana inafanya kazi, mfugaji anayepakana na mbuga ana haki ya kuuliza imefanya kazi wapi.

Wala si viumbe hai peke yao. Katika fizikia ya sumaku, miaka ya karibuni imetawaliwa na jamii mpya ya sumaku iliyopewa jina la altamagneti. Kwa nje atomi zake hufutana nguvu, moja ikielekea juu na jirani yake chini, hivyo haivuti hata sindano. Kwa ndani elektroni zake hupangika kwa mwelekeo wa mzunguko kama ilivyo kwenye sumaku ya kawaida. Libor Šmejkal, Jairo Sinova na Tomáš Jungwirth waliielezea kinadharia, na mwaka 2024 ushahidi ulipatikana katika manganizi teluraidi. Lakini rutheniamu oksaidi, iliyokuwa nyota wa hadithi tangu mwanzo, imewachanganya watu: tabaka zake nyembamba zilionyesha dalili za usumaku, halafu vipimo makini vya mwaka 2024 kwenye fuwele safi havikuona usumaku wowote wa maana. Jina la kemikali ni lilelile, na kilichopimwa si kitu kilekile. Ikiwa hata jiwe linaweza kutofautiana hivyo kati ya maabara mbili, panya na mtoto wa Kayole wanastahili uangalifu zaidi.

Walipopimwa watoto wenyewe

Tafiti za kwanza kwa watoto ziliangalia nyuma. Mwaka 2009 watafiti wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, walipekua rekodi za watoto zaidi ya 5,000 wa kaunti moja ya Minnesota na kuona kwamba waliowahi kulazwa kwa nusukaputi mara 2 au zaidi kabla ya kutimiza miaka 4 walikuwa na matatizo mengi zaidi ya kujifunza shuleni. Waliolazwa mara moja hawakuwa nayo zaidi ya wengine.

Utafiti huo uliwatia watu hofu, lakini una mtego. Mtoto hapasuliwi mara 3 kabla ya kuanza shule bila sababu. Ana moyo wenye tundu, au alizaliwa njiti, au masikio yake hujaa usaha hadi hasikii vizuri. Mtoto asiyesikia vizuri atachelewa kusoma hata kama hajawahi kuvuta gesi ya nusukaputi. Utajuaje kosa ni la dawa au ni la maradhi yaliyomleta hospitalini?

Jibu zuri kuliko yote ya wakati ule lilitoka Uholanzi mwaka huohuo, kwa pacha wa kufanana zaidi ya jozi 1,000. Jozi ambazo pacha wote wawili walilazwa kabla ya miaka 3 zilifanya vibaya kidogo shuleni kuliko jozi ambazo hakuna aliyelazwa. Ungeishia hapo ungeilaumu dawa. Lakini watafiti waliziangalia pia jozi ambazo mmoja alilazwa na mwingine hakulazwa. Wawili hao walifanana: asiyewahi kulazwa hakumzidi mwenzake kwa alama. Pacha wa kufanana wana jeni zilezile, mama yuleyule, nyumba ileile. Kilichokuwa kikiwarudisha nyuma kilikuwa ndani ya familia au mwili wao, si ndani ya kinyago cha gesi. Kila ninapoisoma takwimu hiyo naona ni miongoni mwa kazi safi kabisa katika mjadala huu mzima, na nasikitika kwamba haijulikani hata robo ya panya wale.

Hata hivyo kuangalia nyuma kuna mipaka, na ndipo ulipoanzishwa utafiti wa GAS. Watoto wachanga 722 kutoka hospitali 28 katika nchi 7, wote wakihitaji upasuaji wa ngiri, waligawanywa kwa bahati nasibu kama mtu anayerusha shilingi. Nusu walipewa sevoflureni wakalala. Nusu walidungwa ganzi ya mgongoni wakabaki macho. Kwa kuwa bahati nasibu haijui nani mgonjwa zaidi, makundi yote mawili yalikuwa na maradhi yaleyale, na tofauti yoyote ingekuwa ya dawa. Usingizi ulidumu kama dakika 54 kwa mtoto wa kawaida wa kundi lake. Walipopimwa wakiwa na miaka 2, na tena wakiwa na miaka 5 katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019, hakukuwa na tofauti. Alama za akili zilikuwa karibu 99 pande zote mbili.

Tafiti nyingine mbili zilitoka upande huohuo. PANDA, mwaka 2016, ililinganisha ndugu 105 waliolazwa mara moja kabla ya miaka 3 na ndugu zao wa tumbo moja ambao hawakulazwa. Wastani wa alama za akili ulikuwa 111 kwa kila kundi. MASK, mwaka 2018, ilipima karibu watoto 1,000. Aliyelazwa mara moja hakutofautiana na asiyelazwa. Aliyelazwa mara nyingi alikuwa na akili sawa na wengine, lakini kasi yake ya kuchakata mambo na wepesi wa vidole vilikuwa chini kidogo, na wazazi waliripoti shida zaidi za kusoma. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikuwa imekwisha kutoa onyo Desemba 2016 kuhusu watoto wa chini ya miaka 3 wanaolazwa kwa zaidi ya saa 3 au kwa kurudiwa. Kwa hiyo upasuaji mmoja mfupi una ushahidi wa nguvu kwamba ni salama kwa ubongo. Ulio mrefu au wa kurudiwa bado una alama ya kuuliza, na alama hiyo imechanganyika na maradhi yenyewe.

Cha kuhofia hapa kwetu

Watoto wa GAS walilazwa kwa nusukaputi katika hospitali za Australia, Italia, Marekani na nchi nyingine za namna hiyo, kila mmoja akiwa na mtaalamu wa nusukaputi ya watoto na mashine zinazopima kila pumzi. Matokeo yao yanatuhusu pale tu mazingira yanapokaribiana. Shirikisho la dunia la madaktari wa nusukaputi linapendekeza angalau madaktari 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000, na Kenya iko mbali na kiwango hicho. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikiwafunza madaktari ubingwa wa nusukaputi ya watoto, na hilo ni jambo la kujivunia, lakini wahitimu ni wachache na kaunti ni 47.

Kwa mtoto wa Nairobi, basi, hatari iliyo karibu zaidi ni ya dakika chache za kukosa hewa. Mtoto mchanga hutumia oksijeni karibu mara mbili ya mtu mzima kwa kila kilo ya uzito, akiba yake ni ndogo, na njia yake ya hewa ni nyembamba. Akikosa pumzi hubadilika rangi haraka kuliko mtu mzima. Kinachomlinda ni mtu aliyefunzwa aliyesimama kichwani pake muda wote, kipimo cha oksijeni kilichobanwa kidoleni, na kipimo cha hewa anayoitoa. Mzazi anaweza kuuliza kuhusu hayo matatu kabla ya kutia saini, kwa heshima na bila woga: Daktari, nani atamlaza mwanangu, na atakaa naye hadi aamke?

Mafua ni jambo la pili, hasa miezi ya Juni hadi Agosti Nairobi inapopoa. Mtoto mwenye kikohozi na kamasi nzito ana uwezekano mkubwa zaidi wa koo kujibana akiwa usingizini. Usifiche mafua kwa kuogopa kupoteza tarehe uliyoisubiri kwa miezi. Upasuaji usio wa dharura kwa kawaida husogezwa wiki 2 au zaidi, na kuusogeza hakumgharimu mtoto sana.

Kufunga nako kunaeleweka vibaya kotekote. Utaratibu wa kawaida ni saa 6 bila chakula au maziwa ya kopo, saa 4 kwa anayenyonya, na saa 2 kwa maji. Uji ni chakula, hata ukiwa mwepesi. Chai ya maziwa pia ni chakula. Upande wa pili, kumnyima mtoto hata maji tangu jioni hadi saa sita mchana kunamshusha sukari na kumfanya alie hadi achoke kabla hajafika thieta. Foleni ikisogea, muulize muuguzi kama anaweza kupewa maji.

Kwa watoto wanaorudi mara kwa mara, kama wenye kichwa maji wanaobadilishiwa mrija au wanaohitaji kulazwa ili watulie ndani ya mashine ya picha ya MRI, kuna ombi moja linalotokana moja kwa moja na ushahidi wa nyani na wa MASK. Muulize daktari kama kazi mbili zinaweza kufanywa kwa usingizi mmoja: picha na mrija siku ileile, au kung'oa jino bovu wakati anaposhonwa kaakaa. Si kila mara itawezekana, kwa kuwa usingizi mmoja mrefu mno nao una shida zake na wataalamu wawili si rahisi kukutana kwa saa moja. Lakini liulizwe mapema, siku ya kliniki, wakati ratiba bado inaweza kupangwa.